Nyumba Iliyomwamkia Fundi

Jumamosi saa nne asubuhi, Milimita alikuwa amepiga magoti katika jiko la watu, kichwa ndani ya kabati la sinki, akihesabu matone. Bomba lilidondosha matone saba kwa dakika. Aliyaandika kwenye daftari lake dogo, chini ya "dirisha la sebuleni, bawaba moja imelegea" na juu ya "harufu ya unyevu, kona ya kushoto, si kali". Hiyo ilikuwa mara ya tatu anaikagua fleti ile. Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu wa jiografia, alikuwa ameshazoea kumwona akitambaa sakafuni kwake, hata hakuacha kufuma sweta yake.

Milimita halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alikuwa fundi wa miwani katika hospitali ya macho, mtu wa kusaga lenzi kutwa nzima, na neno lililokuwa halimwishi mdomoni ni kwamba milimita moja ni nyingi. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano. Aliishi na baba yake katika vyumba viwili vya kupanga, ambavyo mvua ikinyesha vilikuwa chumba kimoja na nusu. Akiba yake ilikuwa imetimia mwaka huo, na kilichobaki ilikuwa kuamua.

Mdogo wake, muuza matangi ya maji, alishamwamulia. Kulikuwa na majengo mapya nje ya mji, yana vioo kila upande na lifti inayotaja namba ya ghorofa. "Dada, fleti ya zamani ni kama gari kuukuu," alimwambia. "Unalinunua pamoja na fundi wake."

Lakini mtaa huu wa zamani ulikuwa umemkaa moyoni. Miti yake ilikuwa mikubwa kuliko nyumba. Dakika kumi na tano kwa miguu yuko hospitalini. Kuta zilikuwa nene, ukifunga dirisha husikii barabara. Alichokiogopa ni umri. Jengo lilikuwa na miaka arobaini na minne, na Milimita alikuwa ameona macho mengi mazuri kwa nje ambayo kwa ndani yalishakwisha.

"Nitamleta baba aione," alimwambia Mwalimu.

"Mlete," alisema Mwalimu. "Wazee tunajuana."

Baba yake alikuwa mwashi. Wenzake walimwita Timazi, kwa sababu aliweza kuona kwa jicho ukuta uliopinda kabla uzi wa timazi haujateremshwa. Alikuwa amejenga miaka arobaini na miwili na kustaafu na mgongo ulionyooka kuliko wa vijana. Jumamosi iliyofuata alivaa shati lililopigwa pasi, akachukua kofia yake, wakaondoka. Walipoingia katika mtaa wa miti mikubwa, alipunguza mwendo.

"Ni jengo hili?"

"Ndiyo, baba. Unalijua?"

"Nalijua kidogo."

Getini mlinzi aliwatazama usoni, kisha akamtazama Timazi mikononi. Mikono ile haikuwa na siri. Vidole vilikuwa vimekaa kama bado vimeshika mwiko, na saruji ya miaka ilikuwa imejichora kwenye mistari ya viganja. Mlinzi alionyesha ubao uliotundikwa pale: mafundi na wachukuzi wapitie nyuma.

"Fundi apite nyuma, dada. Wewe pita hapa."

Milimita alifungua mdomo. Baba yake alimshika kiwiko. "Twende, mama. Huyu ni mwenzetu, yuko kazini."

Wakazunguka. Ngazi za nyuma zilikuwa nyembamba, zinanuka sabuni, na kila ngazi ya tatu ilikuwa na ndoo ya mtu. Timazi alipokanyaga ngazi ya kwanza na kuweka kiganja ukutani ili apande, ukuta ulisema:

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba," alijibu Timazi. "Hamjambo?"

"Hatujambo. Umepotea sana."

"Nipo."

Ilikuwa sauti nzito kiasi, yenye mchanga mchanga ndani yake. Milimita alitazama juu, akatazama chini, hakuona mtu, akaelewa anayesema ni nani. Kwamba kuta zina masikio, hilo kila mtu analijua. Na mwenye masikio si ajabu akawa na mdomo. Alitoa daftari akaandika: "Kuta: zina adabu."

Walipanda wakiamkiwa. Ghorofa ya kwanza, shikamoo fundi, marahaba. Kwenye kona, shikamoo fundi, marahaba. Ndani ya fleti kulikuwa na kuta tisa alizozijenga Timazi kwa mkono wake, na kila moja ilimwamkia peke yake. Naye alizijibu zote tisa, moja baada ya nyingine, maana ukiruka mmoja katika familia umezua ugomvi. Mwalimu aliinua macho kutoka kwenye sweta.

"Kumbe zinaongea," alisema. "Nimekaa nazo miaka ishirini na tisa, nikidhani ni za hulka ya kimya." Akamsogezea Timazi kiti.

Timazi hakukaa. Alikuwa amekuja kukagua. Alisimama mbele ya ukuta wa jikoni kama daktari anavyosimama mbele ya mgonjwa, akauliza, "Unaumwa wapi?"

"Mgongoni, fundi. Bomba la ghorofa ya juu linavuja tangu walipobadilisha sinki. Linaloanisha hii kona ya kushoto."

"Matofali yameshika?"

"Yameshika. Ni lipu tu inayochubuka."

Timazi alimgeukia binti yake. "Bomba la jirani wa juu. Andika." Milimita akaandika. Walikwenda hivyo chumba kwa chumba. Ufa wa juu ya dirisha ulikuwa wa rangi, haukufika kwenye lipu. Linta, boriti ya juu ya mlango wa bafuni, ilikiri kwamba ilitikisika kidogo mwaka wa tetemeko, ila ilirudi mahali pake asubuhi yake. Dari halikuwa na malalamiko. Kazi ambayo mhandisi angeifanya kwa siku mbili, akiandika ripoti isiyosomeka, ilikwisha kwa dakika arobaini, na mgonjwa mwenyewe ndiye aliyejieleza.

Ni ukuta wa sebuleni, ule wenye dirisha la kutazama barabarani, uliouliza jambo la pembeni.

"Fundi, mbona ulichelewa kurudi?"

Timazi alivua kofia. "Nilikuja."

"Siku ya ufunguzi nilikuona," ukuta ulisema. "Ulikuwa na shati jeupe. Mkeo alikuwa amembeba mtoto mgongoni, mtoto ana kofia nyekundu. Mlikuwa mmesimama upande wa pili wa barabara. Nilitaka kukuita, lakini nilikuwa bado mbichi."

"Najua. Ukuta hausemi kabla haujakauka."

"Walikuzuia?"

"Walisema muda wa vibarua umekwisha. Nilitaka mama yake huyu aone ndani tu, basi. Nilikuja tena mara nne. Mara ya mwisho nilibeba mwiko wadhani nina kazi. Nikafika ghorofa ya kwanza."

Milimita aliacha kuandika. Mtoto mwenye kofia nyekundu alikuwa yeye. Alikumbuka jinsi, tangu utoto wake, baba yake alivyokuwa akivuka barabara kila akifika mtaa huu na kutembea upande wa pili, mikono nyuma. Siku zote alidhani anafuata kivuli.

"Wenzako je?" ukuta uliuliza. "Mlikuwa arobaini na mmoja."

"Hakuna aliyeingia."

Ukuta ukaanza kuwataja kwa majina yao ya kazini, mmoja mmoja, na nani alijenga wapi, na nani aliimba vizuri, na nani alikuwa mvivu wa kulowesha matofali. Haukukosea hata mmoja. Kule chini, kwenye ukumbi wa mbele, kulikuwa na bamba la marumaru lenye majina matatu: la mchora ramani, la mkandarasi na la mgeni rasmi aliyekata utepe. Mgeni rasmi, kwa kumbukumbu ya ukuta, alikaa dakika kumi na mbili.

Habari ilikuwa imeshuka ngazi. Mlango uligongwa, akaingia Mwenyekiti wa kamati ya wakazi, mzee mrefu mwenye suruali ya mikanda ya mabegani. Ndiye aliyeshika funguo za paa, za tangi na za chumba cha takataka.

"Nimeambiwa kuna kuta zinasalimia watu," alisema.

"Zinamsalimia huyu," alisema Mwalimu.

Mwenyekiti alisimama katikati ya sebule, akakohoa na kusubiri. Kuta hazikusema neno. Alisogea karibu na ule wa dirishani, akasubiri tena.

"Mimi nina miaka thelathini na moja humu," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa kweli. "Hata hujambo sijawahi kupata."

Timazi alimhurumia. "Usizilaumu, mzee mwenzangu. Hazikujui. Wewe umezipaka rangi tu."

Jumapili mdogo wake Milimita aliwachukua kwa gari, akawapeleka kuona majengo mapya, ili dada apime pande zote. Lifti ilitaja namba kwa sauti nzuri. Mlango wa mbele ulikuwa mpana, na mlinzi alimfungulia kila mtu, mwenye mikono laini na mwenye mikono migumu. Timazi alifurahi, akamshukuru. Huko juu aliweka kiganja ukutani kama kawaida yake. Ulikuwa ukuta wa bodi ya jasi.

"Karibu, mteja," ukuta ulisema.

"Asante," alisema Timazi.

Nyuma yao iliingia familia nyingine, baba wa familia ile akaegemea palepale, na ukuta ukamwambia, "Karibu, mteja," kwa sauti ileile.

"Unaona?" mdogo wake alisema. "Hata hapa zinaongea."

Milimita alipima mlango kwa utepe wake. Ulikuwa umepinda milimita sita.

Kamati ya wakazi ilikutana Jumatano saa kumi na moja jioni katika fleti ya Mwalimu, maana kwa kanuni za jengo hakuna anayeuza bila mnunuzi kukubaliwa. Walikuja watu saba. Milimita alikuja na daftari lake, na Timazi akakaa kando yake, kofia magotini. Jambo la kwanza lilikuwa tabia ya mnunuzi, likapita bila pingamizi. La pili lilikuwa kuta.

Mama mmoja wa ghorofa ya tatu aliuliza kama zingeweza kufundishwa kumsalimia kila mkazi, walau sikukuu. Timazi alisema salamu hailazimishwi. Bwana mmoja aliuliza kama zitapiga kelele. Timazi alisema kuta zake zimelelewa. Yakaisha hayo.

La tatu lilikuwa ngazi. Mwenyekiti alisimama na kufungua kitabu cha kanuni.

"Mzee atakuja kuishi hapa, karibu sana. Lakini kanuni ya nne inasema mafundi wapitie nyuma. Haisemi mafundi walio kazini. Inasema mafundi. Na kwamba mzee ni fundi, si maneno yangu." Akanyoosha mkono kuzunguka sebule nzima. "Kuta zenyewe zimethibitisha, mbele ya mashahidi."

Kuta zilinyamaza, na kimya chao kilikuwa cha watu walioponzwa na adabu yao.

"Mimi pia ni fundi," alisema Milimita. "Fundi wa miwani."

Hilo lilijadiliwa robo saa. Ilikubaliwa kwamba fundi avaaye koti jeupe si fundi kwa maana ya kanuni.

"Mwenyekiti," alisema Mwalimu, akiwa hajaacha kufuma, "huyu mzee ndiye aliyejenga hiyo ngazi ya mbele unayomkataza."

"Ndiyo maana nasema kwa heshima," alijibu Mwenyekiti, na alimaanisha. "Lakini tukimruhusu mmoja, kesho tutamzuia nani?"

Wakapiga kura. Wanne kwa watatu, kanuni ikabaki. Milimita aliona uso wake unawaka. Alifunga daftari, akainuka, akamwambia baba yake waondoke, kuna nyumba nyingine duniani. Mdogo wake alikuwa na haki, alisema. Kule mlango ni wa kila mtu.

Timazi hakuinuka. "Kaa kwanza, mwanangu. Hii nyumba umeipenda au hukuipenda?"

"Niliipenda, baba. Sasa watakupitisha kwenye ndoo za watu mpaka ufe."

"Kosa ni lao, nami sitawabebea. Mimi najua kazi yangu. Ile ngazi ya mbele nilijenga nusu, na nusu yenyewe wameifunika marumaru, haiwezi hata kupumua. Ya nyuma nimeijenga yote, kuanzia msingi. Nikipita kule naamkiwa kila hatua. Wahenga walisema nyumba njema si mlango."

"Walisema fungua uingie ndani, baba. Hawakusema zunguka."

Hata Mwenyekiti alicheka. Timazi alicheka zaidi ya wote, kisha akamsubiri binti yake, maana mnunuzi hakuwa yeye.

Milimita alitazama kuta tisa. Hakufikiria bomba wala bawaba. Alifikiria mwanamke aliyesimama ng'ambo ya barabara na mtoto mgongoni, akionyeshwa kwa kidole dirisha ambalo mumewe aliliweka. Alikuwa amekagua fleti kumi na moja mwaka ule. Nyingine zilikuwa na jua zaidi, nyingine zilikuwa na lifti. Zote zilimtazama baba yake kama mzee aliyefuatana na mnunuzi.

"Nainunua," alisema. "Sijaona nyumba nyingine inayomwamkia baba yangu."

Akawaambia pia, bila kupandisha sauti, kwamba kura yao ilikuwa ya aibu, na kwamba yeye na koti lake jeupe watapita nyuma kila siku. Katibu aliuliza kama hilo liingie kwenye muhtasari. Milimita alisema liingie, na akamtajia maneno polepole ili asikosee.

Mkataba uliandikwa kwa wakili. Katika orodha ya vitu vinavyobaki na nyumba, kati ya makabati ya jikoni na fimbo za mapazia, karani wa wakili alipiga chapa: "kuta tisa, zenye kuamkia". Mwalimu akasaini, akampa Timazi sweta aliyokuwa akiifuma, kwa sababu ilimtosha yeye kuliko mwana wa Mwalimu aliyefumiwa, akahamia kwa binti yake.

Milimita na baba yake walihamia mwezi uliofuata. Asubuhi Timazi aliamka, akapokea shikamoo zake, akanywa chai. Alimrekebishia jirani wa juu bomba lake, ukuta wa jikoni ukapona mgongo. Jirani yule, aliyepiga kura ya kumpitisha nyuma, alishukuru sana, akamsindikiza mpaka kwenye ngazi za nyuma.

Kati ya waashi arobaini na mmoja walikuwa wamebaki hai sita. Timazi aliwatafuta mmoja mmoja. Walikuja Jumamosi, wamevaa vizuri, mmoja kwa gongo, mwingine akiongozwa na mjukuu wake wa kike. Wakapanda kwa nyuma kama kanuni ilivyotaka, na jengo zima likasikika likiamkia: shikamoo fundi kwenye kona, shikamoo fundi juu ya mlango wa mtu, marahaba, marahaba, mpaka watoto wa ghorofa ya kwanza walitoka kwenye kibaraza kusikiliza. Kamati ilikutana na kutoa tangazo. Wageni wa aina hiyo wanakaribishwa kila Jumamosi, kuanzia saa tatu mpaka saa kumi, mlango wa nyuma.

Jumamosi ya tatu alikuja mwanamke peke yake. Alikuwa mkubwa kuliko Timazi, mfupi, mwenye mkoba wa ngozi aliouminya kwapani. Alisema yeye si mwashi, ni mke wa Mashoto, yule aliyejenga kwa mkono wa kushoto, na kwamba amesikia habari za kuta. Mashoto alikuwa amefariki miaka tisa nyuma. Timazi alimpokea kwa mikono miwili, akampeleka kwenye chumba cha Milimita, penye ukuta wa kumi, wa upande wa mashariki, ambao haukuwa kazi yake bali ya Mashoto, na ambao tangu wahamie haukusema.

Mama aliuwekea mkono. Ukuta ulisubiri, kisha ukauliza, "Fundi yuko wapi?"

Milimita alikuwa mlangoni na sinia la chai.

"Hayupo," alisema mama. "Alitangulia. Alikuwa akikutaja. Alisema kuna ukuta mmoja mjini haukupinda hata upana wa uzi, na kwamba siku moja atanionyesha."

"Ni mimi," ukuta ulisema.

Mama aliweka mkoba chini. Alifumba jicho moja, akasogeza shavu lake karibu na lipu, akatazama kuanzia pembe ya dirisha mpaka pembe ya mlango, kama alivyomwona mumewe akifanya maisha yao yote. Alitazama kwa muda mrefu. Milimita, ambaye aliupima ukuta ule wiki ya kwanza na kukosa cha kuandika, alishika sinia lake bila kutikisika.

"Kweli," mama alisema. "Haukupinda."

"Shikamoo, mama," ukuta ulisema.

"Marahaba, mwanangu."

Walimwekea kiti palepale. Alisimulia habari za Mashoto, jinsi alivyokula kwa mkono wa kulia na kufanya kazi kwa wa kushoto, na ukuta uliuliza maswali mawili matatu. Ilipofika saa kumi kamili Mwenyekiti aligonga, akasimama mlangoni na kitabu chake cha kanuni, akawakumbusha kwa upole kwamba muda wa wageni wa nyuma umekwisha.

"Nimesikia, baba," alisema mke wa Mashoto. Alijiegemeza ukutani, mgongo wote, akamnyooshea Milimita kikombe amwongeze chai.